Ziwa Bogoria: Maji Yachemkayo Bila Kuni

Katika Bonde la Ufa, kaskazini ya Nakuru, liko ziwa jembamba ambalo kando zake hutoa kitu kama moshi usiku na mchana. Mgeni alionapo mara ya kwanza kutoka mbali hudhani kwamba watu wanachoma makaa ufukoni, au kwamba nyasi zimeshika moto. Akikaribia huona kuwa si moshi bali ni mvuke, na kwamba hapana kuni wala mpishi. Maji yenyewe yanatokota kutoka ndani ya ardhi, yakiruka na kunguruma kama sufuria kubwa iliyosahauliwa mekoni. Hilo ndilo Ziwa Bogoria, katika Kaunti ya Baringo.

Watu wengi wa Nakuru na wa miji mingine huenda huko siku za mapumziko. Hupiga picha, huchemsha mayai, hutazama ndege, kisha hurudi makwao jioni. Safari hiyo ni njema, wala si ndefu. Lakini walio wengi hurudi bila kujua joto lile latoka wapi, wala ni nani walioondolewa ili mahali pale pawe pa kutembelewa, wala kwa nini baadhi ya chemchemi walizoziona baba zao hazionekani leo. Mambo hayo matatu yafaa kujulikana na kila alipaye kiingilio langoni, kwa maana maji yale ni mali, na mali haikosi wenyewe.

NJIA YA KWENDA

Nakuru, uliopandishwa cheo ukawa jiji tarehe 1 Desemba 2021, u juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,850. Ziwa Bogoria liko chini zaidi, mita zipatazo 1,000 tu. Kwa hiyo msafiri atokaye Nakuru huteremka njia nzima, na kadiri anavyoteremka ndivyo joto linavyozidi. Aliyeondoka asubuhi amevaa koti hulivua kabla hajafika.

Barabara ni ya lami. Hutoka jijini ikiuacha Mlima Menengai upande wa kulia, ikapita Mogotio na kuelekea Marigat, mwendo wa kilomita 100 hivi. Karibu na Mogotio hupita mashamba makubwa ya mkonge, na hapo pia ndipo msafiri avukapo Ikweta. Mbele zaidi mashamba hupungua, nchi hugeuka kuwa ya migunga na mawe, na kando ya njia watu huuza asali ya Baringo katika chupa. Kabla ya kufika Marigat njia ya kwenda ziwani hugeuka kulia na kwenda mpaka Loboi, upande wa kaskazini wa ziwa.

Mkulima mwenye nafasi asigeuke upesi. Kilomita chache mbele, mjini Marigat, iko Skimu ya Perkerra, ambapo maji ya mto hunywesha mashamba katika nchi kame. Skimu hiyo ilianzishwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na kazi ya kwanza ya kuchimba mifereji ilifanywa na watu waliokuwa kizuizini. Leo hujulikana hasa kwa mahindi ya mbegu. Yafaa kuiona kabla ya kuona maji ya Bogoria, kwa kuwa mtu atalinganisha maji yawezayo kulimiwa na maji yasiyoweza.

Maji ya Ziwa Bogoria hayalimiwi wala hayanywewi. Ziwa halina mto utokao. Maji yaingiayo hukaa humo, jua huyakausha, na magadi hubaki. Ndiyo sababu ziwa ni chungu mno, na samaki hawaishi ndani yake.

MAJI NA MVUKE

Upande wa mashariki ziwa limezuiwa na ukuta wa mlima wa Siracho, ambao husimama wima kama ngome. Upande wa magharibi ufuko ni wa tambarare zaidi, na huko ndiko ziliko chemchemi mashuhuri, hasa za Loburu na Chemurkeu. Nyingine ziko kusini. Waliozihesabu chemchemi zote za moto za Bogoria walipata karibu 200.

Chemchemi hizo si za namna moja. Kuna zitoazo maji ya vuguvugu tu, yakitiririka kimya kati ya mawe. Kuna vidimbwi vitokotavyo bila kukoma. Kuna matundu yatoayo mvuke peke yake kwa sauti ya filimbi. Na kuna zile zipendwazo kuliko zote, ambazo hurusha maji juu kwa nguvu kupita kimo cha mtu, zikapumzika kidogo, kisha zikarusha tena.

Mahali pote pale maji hutengeneza vijito viendavyo ziwani. Mtu akitazama kwa makini ataona kwamba kijito kimepakwa rangi. Karibu na shimo, palipo na joto kali, mawe ni meupe au ya kijivu. Hatua chache mbele huanza utando wa rangi ya manjano na ya machungwa, na mwisho wa kijani. Rangi hizo si kutu. Ni viumbe hai, vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, na kila kabila la viumbe hao lina kiwango chake cha joto kinacholifaa.

JOTO LATOKA WAPI?

Watu wengine husema kwamba chini ya ziwa kuna mlima wa moto unaotaka kupasuka. Maneno hayo si sahihi. Jambo lenyewe ni hili.

Ganda la dunia katika Bonde la Ufa limevutwa huku na huku kwa muda wa mamilioni ya miaka, likawa jembamba na kujaa nyufa. Mawe yenye moto mkali, ambayo kwingineko yako chini mno, hapa yamekuwa karibu zaidi na juu. Mvua inyeshayo katika nyanda za juu hupenya udongoni, ikashuka kwa nyufa hizo mpaka penye mawe ya moto. Huko maji hupashwa joto, yakawa mepesi, yakatafuta njia ya kupanda. Njia rahisi ni nyufa zilizo chini ya kuta za Bonde, na kando ya Bogoria nyufa hizo ni nyingi.

Lakini kwa nini chemchemi nyingine huruka na nyingine hutiririka tu? Mama aliyepika kwa sufuria iliyofunikwa vizuri ajua jibu. Maji yaliyobanwa huweza kupata joto kupita kiwango cha kuchemka bila kugeuka mvuke. Yaliyo chini ya ardhi hubanwa na uzito wa maji yaliyo juu yao. Yakipanda na kukaribia uso wa nchi, uzito hupungua, na mara moja sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke. Mvuke hutaka nafasi kubwa kuliko maji, basi husukuma yote yaliyo mbele yake mpaka nje. Pale penye shimo jembamba maji huruka, na penye shimo pana hutokota tu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba ufukoni mwa bahari maji huchemka yafikapo digrii 100 za Selsiasi. Bogoria, kwa sababu ya kimo chake, huchemka kwenye digrii 97 hivi. Chemchemi zilizo kali zaidi huko zimefikia kiwango hicho hasa. Maana yake ni kwamba maji yale hayakaribii kuchemka, yamekwisha chemka.

HATARI YA KUSOGEA

Maji ya digrii 60 tu huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto kwa upesi zaidi. Maji ya Loburu huzidi hapo kwa mbali. Mtu atumbukizaye mguu humo hapati nafasi ya kujuta.

Hatari kubwa haiko katika shimo lionekanalo, kwa kuwa kila mtu huliogopa. Iko katika ardhi iliyo kando yake. Maji hayo huacha chumvi na mawe membamba yafanyayo kama ukoko juu ya tope la moto. Ukoko huo humchukua ndege na huweza kumchukua mbuzi, lakini uzito wa mtu huuvunja. Upepo nao hugeuka ghafula ukamfunika mtazamaji kwa mvuke, asione mahali pa kukanyaga. Kwa hiyo yampasa mgeni kufuata njia zilizokwisha kanyagwa, kuvaa viatu vilivyofungwa, kushika mikono ya watoto wote wakati wote, na kumsikiliza kiongozi wa mahali pale. Kurudi nyuma kupiga picha bila kutazama ni upumbavu.

Kuhusu mayai, desturi ya kuyachemsha ni ya siku nyingi na hufurahisha watoto. Yatiwe katika kikapu au wavu wenye kamba ndefu, na aliyeshika kamba asimame mbali. Maganda yarudishwe mjini pamoja na takataka nyingine. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imekatazwa katika Kenya nzima tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja vimekatazwa katika hifadhi za wanyama. Mwenye kwenda Bogoria na achukue maji yake katika chupa ya kudumu.

Wako pia waendao kwa ajili ya kuoga maji yaliyopoa kidogo mbali na chemchemi, wakitafuta nafuu ya viungo au ya ngozi. Maji ya vuguvugu huburudisha mwili, hilo halina ubishi. Lakini mgonjwa asiache dawa za daktari kwa kutumaini maji, wala asiingie majini kabla mwenyeji hajamhakikishia joto lake.

NDEGE WA RANGI YA WARIDI

Ziwa lisilo na samaki lingedhaniwa kuwa ziwa la njaa. Sivyo. Ndani ya maji yale ya magadi huota mwani mdogo sana wa kijani, kwa wingi usiosemeka, na mwani huo ndio chakula cha heroe wadogo. Katika miaka ya neema, heroe wa Bogoria wamepita milioni moja kwa wakati mmoja, hata ufuko ukaonekana kama umetandikwa kitambaa cha waridi.

Heroe hula kichwa chake kikiwa kimepinduliwa. Huvuta maji kwa ulimi, huyachuja kwa mdomo, akatoa maji na kubakiza mwani. Rangi yake yatokana na chakula hicho. Na kwa kuwa maji ya ziwa ni machungu, makundi ya heroe hukusanyika penye midomo ya chemchemi na vijito, ambapo maji si makali kwa magadi, ili wanywe na kuosha manyoya yao. Hivyo chemchemi za moto si pambo tu la kutazamwa. Ni kisima cha ndege hao.

Hawakai mahali pamoja. Mwani ukipungua huhamia Nakuru, Elementaita au kwingineko, na mahali pao pa kuzalia pajulikanapo zaidi ni Ziwa Natron katika Tanzania. Mgeni akikuta wachache asidhani ametapeliwa. Atazame badala yake furukombe, ambaye kwingineko hula samaki, lakini hapa amejifunza kuwinda heroe. Na katika vichaka vya milima iliyo karibu huishi tandala mkubwa mwenye pembe zilizosokotwa, mnyama asiyeonekana kwa urahisi mahali pengi pa Kenya.

WENYEWE NI NANI?

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipita nchi hizi akielekea Uganda. Hakufika, aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Wazungu waliokuja baadaye walilipa ziwa jina lake, na kwa miaka mingi ramani ziliandika “Hannington”. Lakini ziwa lilikuwa na watu tangu hapo, nao ni Waendorois, wafugaji wasemao lugha ya jamii ya Kikalenjin.

Kwao ziwa halikuwa mahali pa mandhari. Kando yake palikuwa na malisho wakati wa kiangazi, na udongo wa chumvi uliowapa ng’ombe na mbuzi afya. Tena palikuwa mahali pa ibada. Waendorois huamini kwamba roho za wazee wao waliokufa, hata kama wamezikwa wapi, hukaa ziwani, na sherehe zao zilifanywa huko.

Mwaka 1973 Serikali ilitangaza nchi hiyo kuwa hifadhi ya wanyama, na Waendorois wakaanza kuondolewa. Mwaka 1978 hifadhi ilitangazwa tena, safari hii kwa jina la Bogoria. Watu walisukumwa kwenye nchi kavu zaidi, na mifugo mingi ikafa. Walieleza baadaye kwamba katika jamaa zipatazo 400, jamaa 170 tu zilipewa fedha mwaka 1986, kila moja shilingi 3,150. Mfugaji ye yote ajua kwamba fedha hizo haziwezi kulipa malisho ya vizazi na vizazi.

Walifanya nini? Hawakushika silaha. Walishika kalamu. Waliunda baraza lao la ustawi, wakapeleka mashtaka katika Mahakama Kuu huko Nakuru, na mwaka 2002 wakashindwa. Mwaka 2003 walipeleka madai yao mbele zaidi, katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Banjul, Gambia. Kesi ilichukua miaka. Tume ilitoa uamuzi mwezi wa Novemba 2009, na mwezi wa Februari 2010 uamuzi huo ukakubaliwa na Umoja wa Afrika, ukatangazwa.

Waendorois walishinda. Tume ilisema kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki zao za mali, za dini, za utamaduni, za kutumia utajiri wa nchi yao, na za maendeleo. Ilishauri watambuliwe kuwa wenye ardhi na warudishiwe, waruhusiwe kufika ziwani kwa ibada na kwa kulisha mifugo, walipwe fidia, na wapate fungu la mapato. Wanasheria wa nchi nyingi hutaja kesi hiyo mpaka leo.

Kushinda kesi ni jambo moja, na kupokea ulichoshinda ni jambo jingine. Mwaka 2011 ziwa, pamoja na Nakuru na Elementaita, liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka huo huo Tume ilisikitika kwamba Waendorois hawakushauriwa ipasavyo. Mwaka 2014 Serikali iliunda kamati ya kuangalia namna ya kuutekeleza uamuzi wa 2010. Waendorois wenyewe wamezidi kusema kwamba sehemu kubwa ya uamuzi huo haijatimizwa.

Mgeni asimamaye Loburu na kamera yake hana uwezo wa kulimaliza shauri hilo. Lakini ana uwezo wa kujua kwamba amesimama kwenye malisho na mahali pa ibada pa watu walio hai, wala si katika nyika isiyo na mtu.

ZIWA LAPANDA

Jambo la tatu ni la miaka ya karibuni. Tangu mwaka 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa katika Kenya yalianza kupanda, na mwaka 2020 yalipanda kuliko watu wengi walivyokumbuka. Bogoria, ambalo lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 34 hivi, lilipita 40. Lango la zamani la Loboi lilifunikwa na maji. Barabara ya ufukoni ilikatika. Baadhi ya chemchemi za Loburu ambazo zamani zilikuwa nchi kavu zikawa chini ya ziwa, na leo hujulikana tu kwa mapovu yapandayo juu ya maji.

Wataalamu wa Serikali waliochunguza mambo hayo walisema kwamba sababu kubwa ni kuongezeka kwa mvua. Waliongeza kuwa udongo uchukuliwao na maji kutoka milimani, palipokatwa miti na kulimwa bila matuta, nao hujaza vitanda vya maziwa. Hapa wakulima wa nyanda za juu wana neno la kujifunza. Mtu alimaye mteremko bila kuzuia udongo hupoteza shamba lake mwenyewe, tena hupeleka hasara kwa jirani asiyemfahamu, aliye chini kwa kilomita nyingi.

Maji yakizidi, magadi hupungua ukali. Magadi yakipungua ukali, mwani huharibika. Mwani ukiharibika, heroe huondoka. Wako pia wanaohofu kwamba Bogoria, lenye magadi, na Baringo, lenye maji baridi na samaki, yakizidi kupanua kingo zake siku moja yatakaribiana mno. Likitokea hilo, wavuvi wa Baringo ndio watakaoumia kwanza.

JOTO NI MALI

Joto lile litokalo Bogoria kama mchezo, kwingineko katika Bonde limefungwa nira likafanya kazi. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya kwanza vya kujaribu vilichimbwa katika miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke ulianza kazi mwaka 1981. Siku hizi joto la ardhi hutoa kadiri ya sehemu mbili katika tano za umeme wote wa Kenya. Menengai nako, karibu kabisa na jiji la Nakuru, umeme wa mvuke umeanza kutolewa tangu 2023, na visima vimechimbwa hata Paka, katika kaunti ile ile ya Baringo.

Hata viumbe vile vidogo vya rangi vina bei. Katika miaka ya 1990 wataalamu kutoka ng’ambo walichukua viumbe vya namna hiyo katika maziwa ya magadi ya Kenya, Bogoria likiwamo. Kutokana nao vilipatikana vitu vitumikavyo katika viwanda vya sabuni na vya nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai fungu la faida hiyo. Nani angalidhani kwamba utando ule wa kijani ulio kando ya shimo ungebishaniwa na wanasheria?

Lakini yapasa kuangalia mfano wa New Zealand. Huko Wairakei mtambo wa umeme wa mvuke ulianza mwaka 1958, na bonde lililokuwa karibu, mashuhuri kwa chemchemi zake zirukazo, likanyamaza. Katika mji wa Rotorua wenyeji walichimba visima vingi vya kupasha nyumba zao joto, mpaka chemchemi zikaanza kudhoofika. Mwaka 1987 Serikali yao ikaamuru visima vyote vilivyo ndani ya kilomita moja na nusu kutoka chemchemi kubwa ya Pohutu vifungwe. Chemchemi zikapata nguvu tena. Hivyo joto la ardhi ni kama ghala: huwezi kuchota kwa milango yote miwili bila kipimo. Kenya, yenye visima na chemchemi katika Bonde moja, ina nafasi ya kuchagua mapema mahali pa kuchota na mahali pa kuacha.

SHAURI KWA MSAFIRI

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo yafaa kuandikwa juu ya lango la Bogoria. Mgeni atokaye Nakuru na aondoke alfajiri, ili afike kabla jua halijawa kali, wakati mvuke huonekana vizuri kwa sababu hewa bado ni baridi. Aulize langoni barabara imefika wapi, maana ziwa hubadilisha kingo zake. Achukue maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na viatu vya kufunga.

Tena akodishe kiongozi mwenyeji wa Loboi. Kiongozi huyo anajua ukoko ulipo mwembamba, na ujira wake humfikia moja kwa moja mtu wa nchi ile. Anunue asali na chakula kwa wenyeji. Akiona wazee wamekusanyika ufukoni kwa ibada, asiwapige picha kabla ya kuomba ruhusa. Na mwalimu apelekaye wanafunzi asiwaeleze joto la dunia peke yake, bali awasomee pia habari ya kesi ya mwaka 2010, kwa kuwa yote mawili ni ya Bogoria.

Mtu afanyaye hivyo ataona maji yakichemka bila kuni, kama wanavyoona wengine. Tofauti ni kwamba atakuwa amelipa panapostahili, na wenyeji watafurahi kumwona akirudi.